Kikapu Kitupu cha Mama Tele

Meshack aliichukua timu ya Elida akaiita yake. Kisha akaichukua siri ya mtoto wa watu, aliyoipata jikoni kwa Elida, akaitangaza redioni. Makosa yake ni hayo mawili, na yaliyofuata yote yamezaliwa na hayo. Afadhali yasemwe mapema, maana watu wa mtaa wa Kasingirima, Ujiji, wakiisimulia habari hii huanzia katikati, pale ambapo Meshack anaonekana mjuzi na Elida anaonekana mwanamke mwenye kelele.

Elida ana miaka arobaini na minane. Mwaka wa kumi na moja huu anakaanga samaki mbele ya banda la Asumani la kuonyeshea mpira. Baba yake alivuka ziwa kutoka Kalemie, Kongo, akiwa kijana, akaoa Ujiji, akazaa mabinti wawili, akaona ada inatosha mmoja. Akapelekwa shule mdogo, Ritha. Elida akapewa kisu cha kuparia samaki. Hajui alifu kwa kijiti. Lakini mtu asiyeandika hana pa kuweka mambo ila kichwani, na kichwa cha Elida hakivuji. Redio yake imening'inia kwenye msumari juu ya jiko tangu asubuhi hadi jioni. Atakwambia nani alifunga kwa mguu gani, mechi gani, mvua ilinyesha au haikunyesha.

Ndani ya banda hilo kuna ligi ya fantasi. Ni watu kumi na wawili, kila mmoja kocha wa timu isiyo na uwanja wala jezi. Unachagua wachezaji wa kweli wa ligi kuu, kutoka klabu hii na ile, na wakifunga mwisho wa wiki wewe unahesabiwa pointi. Kwa Asumani mchezaji mmoja ana kocha mmoja tu. Ukimwahi ni wako. Ligi ikiisha timu hazivunjwi. Kila kocha anabakiza wachezaji wanane na kuwaachia wengine, na siku ya kubakiza huja kabla dirisha la usajili halijafungwa. Hapo ndipo penye shughuli. Ukimbakiza mtu, wiki ijayo akauzwa nje ya nchi, umebaki na shimo hadi dirisha dogo. Wanaume wazima wamenuna mwezi mzima kwa shimo moja. Kwa hiyo wakati mpira umelala, banda la Asumani ndiyo kwanza linaamka: nani anaondoka, nani mkataba umeisha, nani kaonekana uwanja wa ndege na begi kubwa.

Timu ya Elida iliitwa Jiko la Mkaa. Aliiunda mwenyewe, jina kwa jina. Ila majina yalitakiwa kutumwa kwa simu kwenye kundi la ligi, kwa maandishi, na mwenye kuandika alikuwa Meshack, mume wa Ritha, karani wa ghala la saruji mjini. Elida alikuwa anataja, Meshack anabonyeza, na kila akibonyeza anakula samaki wawili bure. Mwaka wa kwanza Jiko la Mkaa ilishika nafasi ya nne. Mwaka wa pili ikawa ya pili, pointi tatu tu nyuma ya kinara. Watu wakasema Meshack anaujua mpira kwelikweli. Elida aliwasikia, akasema moyoni shemeji atawasahihisha. Hakuwasahihisha.

Elida alikuwa anajuaje nani anahama? Wale waliokaa ndani ya banda walisoma simu. Elida alisoma mizigo. Mama mwenye mtoto anayecheza mpira mbali hamwachi aondoke mikono mitupu. Anampa migebuka mikavu ya ziwani, dagaa, dumu la mawese, ale chakula cha kwao. Wengi walimjia Elida, na aliyefunga mizigo hiyo kamba alikuwa yeye. Mzigo uliokuwa unapanda basi la Mwanza ukianza kupanda treni ya Dar, mwenye akili hahitaji mtangazaji. Hakumuuliza mama yeyote swali. Alifunga kamba, akaangalia mzigo unaelekea wapi.

Mmoja wa mama hao alikuwa Marcelina wa kijiji cha Simbo, mkulima wa karanga, mama yake Telesphory. Huyo Telesphory ni mshambuliaji, msimu uliopita alifunga mabao kumi na manne, na Elida alimwahi siku ya kwanza kabisa, kabla banda halijajua kutamka jina lake. Marcelina na Elida walikuwa zaidi ya muuzaji na mteja. Elida alipouguliwa na binti yake, Marcelina alikaa naye wodini siku nne, akiacha karanga zake shambani zinaliwa na nyani.

Mwaka wa tatu wa Jiko la Mkaa ziwa lilikuwa limefungwa miezi mitatu ili samaki wazaane, na migebuka mikavu ilitafutwa kama dawa; jikoni Elida alikuwa akikaanga samaki wa bwawani. Elida alimfichia Marcelina mafungu mawili. Akakataa wateja watano kwa ajili yake. Mwanzoni mwa Julai Marcelina akaja, kikapu kitupu mkononi.

"Mwakeye, dada Elida," akasalimia kwa Kiha.

"Twakeye, Mama Tele. Mzigo wako upo, nimeuficha kama mahari."

"Mwaka huu wape wengine tu."

"Eh! Tele hali tena samaki? Amepata mchumba wa Kizungu?"

Marcelina alicheka, kisha akatazama ndani ya kikapu chake kana kwamba kuna kitu. Akauliza jambo moja tu. "Hivi kule kwao marehemu baba yako, Kiswahili chao mtu wa huku anakielewa?"

"Anakielewa. Siku tatu za mwanzo atacheka, ya nne amezoea."

"Basi vizuri," akasema Marcelina.

Hawakusema zaidi. Mtu anayekwenda Kalemie habebi migebuka wala mawese. Ni sawa na kuteka maji na kuyapeleka ziwani. Elida aliyajua yote hapohapo, na Marcelina alijua kwamba Elida amejua. Wakaongea bei ya karanga.

Siku ya pili yake Meshack akaja kula. Elida akamwambia, "Muachie Telesphory. Mchukue Anatoli, yule anayekaa benchi nyuma yake."

Meshack akaweka samaki chini. "Shemeji, umeamka na homa? Mabao kumi na manne hayo!"

"Bonyeza."

"Bila sababu sibonyezi. Watakaonicheka wamekaa na mimi ndani. Wewe uko nje na mafuta yako."

Hapo ndipo Elida alipokosea, na kosa hilo hajawahi kulikana. Alimpa sababu. Alitaka ubingwa. Miaka miwili mtu anataja majina huku sifa zinaingia kwa mwingine, alitaka mara moja tu timu yake iwe juu ubaoni. Akamweleza safari ya ng'ambo, halafu akamwambia: "Lakini mkataba wake unaisha Desemba, redio imesema. Hao wa Kalemie wanazungumza naye kimyakimya. Klabu yake ikisikia, kijana ameharibikiwa. Umenielewa, Meshack? Hii ni siri ya mama wa watu."

"Shemeji, mimi kaburi," akasema Meshack, midomo inang'aa mafuta.

Jumapili ikafika siku ya kubakiza. Asumani alisimama mbele ya ubao akisoma kutoka kwenye simu. Alipofika mahali pa timu ya Elida akasoma: "Meshack United. Anamuachia Telesphory, anamchukua Anatoli."

Banda likalipuka kwa vicheko. Elida aliyekuwa mlangoni na sinia hakucheka. Meshack United ni nani tena?

"Asumani," akasema, "hiyo timu ni yangu. Inaitwa Jiko la Mkaa."

Asumani aliitazama simu, akamtazama yeye. Si mtu mbaya, ila hapendi ugomvi unaochelewesha biashara. "Mama Elida, hapa namba ni ya Meshack na jina ni la Meshack. Mimi nafuata maandishi."

"Maandishi ni yake, wachezaji ni wangu. Mwambie anitajie hata mmoja aliyemchagua yeye."

"Shemeji," akasema Meshack kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, "usituaibishe mbele za watu. Bando la miaka miwili nani kalipa?"

Wakacheka tena. Kijana mmoja nyuma akapaza sauti: "Bi mkubwa, hebu tuambie, kuotea ni nini?"

"Kuotea," akasema Elida, "ni kwenda kusimama golini kwa watu ukisubiri mpira aliokimbilia mwenzako. Kaa karibu na shemeji yangu utaelewa."

Safari hii walimcheka Meshack, hata Asumani aligeukia ubao kuficha meno. Pengine hicho ndicho kilichomuuma. Kwa sababu kicheko kilipoisha mtu akamuuliza kwa nini basi amemuachia mfungaji bora, naye akatabasamu tu kama mtu mwenye hazina. Na mmoja wa wale makocha kumi na wawili alikuwa akifanya kazi katika redio moja ya mjini, kipindi cha michezo.

Jumatano mchana Elida alikuwa anakoroga unga wa kupakia samaki. Redio kwenye msumari ikasema leo tunaye mchambuzi wa usajili, na sauti iliyofuata ilikuwa ya Meshack. Alisema ana vyanzo vyake. Alisema Telesphory anavuka ziwa, mazungumzo yamefika mbali. Akaulizwa ana uhakika gani. Akajibu, na Elida anayakumbuka maneno yenyewe: "Ndugu mtangazaji, nina watu wa karibu kabisa na mama yake mzazi."

Unga ulimwagika wote. Alimpigia simu, simu haikupokelewa. Alimpigia Ritha, Ritha akasema, "Dada, si umemsikia? Kaongea vizuri sana!"

Baada ya siku mbili habari ilikuwa kila mahali. Klabu ya Telesphory ilikasirika kwamba mchezaji wao anatongozwa mkataba ungali hai. Wakakataa kumuuza. Wale wa ng'ambo hawakutaka kesi, wakamchukua mshambuliaji mwingine, na dirisha likafungwa. Nayo klabu yake haikumsamehe: walimwacha nje ya kikosi, wakamwambia akae nyumbani amalizie mkataba wake huko. Nafasi yake akapewa Anatoli.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Hapa aliyechuma hakula hata punje. Walikula wengine.

Marcelina alikuja mwisho wa Agosti, ziwa limeshafunguliwa, samaki wabichi wamejaa meza. Hakusalimia.

"Nilikuja kwako na kikapu kitupu," alisema. "Sikukwambia kitu, nilikuuliza Kiswahili tu. Wewe ukakisoma kikapu changu ukakisomesha mji mzima."

"Mama Tele, si mimi niliyesema redioni."

"Yule mtu wa redioni mimi namfahamu? Nimewahi kumpa hata maji? Anamjua mama yake Telesphory kupitia kwa nani?"

Elida alifungua mdomo. Angesema nilimkataza, lakini kumkataza maana yake nilimwambia. "Nisamehe," akasema.

"Tele analima karanga," Marcelina alijibu. "Amka asubuhi umwone mfungaji bora na jembe." Akaondoka. Tangu siku hiyo akija sokoni hupitia barabara ya juu.

Elida alimfuata mara mbili hadi Simbo. Mara ya kwanza alisimama uani, akaambiwa mama hayupo, na sauti ya mama aliisikia jikoni. Mara ya pili Telesphory mwenyewe alitoka, mrefu, mpole, mikono ina udongo. "Shikamoo mama. Mimi sina neno. Lakini mama yangu anasema wewe ulikuwa dada yake, wale wengine walikuwa redio tu."

Aliporudi alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Meshack, akamkuta na Ritha wanakula.

"Timu baki nayo," alimwambia. "Sidai. Nataka kitu kimoja. Nenda Simbo ukamwambie Marcelina kwamba aliyeitoa siri ni wewe, na kwamba nilikukataza."

"Shemeji, fikiria. Mimi sasa hivi nina kipindi. Mchambuzi akienda kuomba radhi vijijini, nani atamwamini tena?"

"Ninaijua kazi yako. Ni kula kwangu na kucheulia redioni."

"Dada!" Ritha akasema. "Mume wangu huyo. Mambo ya mpira yanavunja undugu?"

"Mambo ya mpira tayari yamevunja undugu wangu na Marcelina. Wa kwako umekaa hapo unakunywa mchuzi."

Meshack hakwenda. Msimu ulipofika katikati, Meshack United ikawa inaongoza ligi kwa pointi kumi na tisa, kwa sababu Anatoli anafunga kila wiki. Kila bao lake banda linapiga makofi, na Elida nje anajua bao hilo limetoka mguuni kwa nani. Desemba mkataba wa Telesphory uliisha. Hakuna klabu iliyomwita. Wanasema kijana yule ana maneno. Kila Jumatano Meshack anachambua usajili, ingawa tangu kukosa jiko la Elida hajapatia hata mmoja, na hakuna anayemwuliza.

Elida hasikilizi tena kipindi hicho. Mizigo anaifunga kama zamani, ila akishafunga anageuza uso, hataki kujua inaelekea wapi.

Madeni ni haya. Asumani anadaiwa jina: aandike ubaoni, kwa chaki yake, Jiko la Mkaa, timu ya Elida, miaka miwili. Meshack anadaiwa safari moja ya bodaboda kwenda Simbo, mchana, watu wakiona, aingie uani kwa Marcelina na kusema: ni mimi, na shemeji alinikataza. Baada ya hapo Marcelina ataamua mwenyewe kama Elida bado ni dada yake. Hadi leo Meshack hajakwenda.