Siku Niliyomuuliza Mkaguzi Kama Ana Mimba

Hii aibu ningekuwa na uwezo ningeizika, lakini darasa letu lote linaijua na kuna wale bado wananiita Mimba nikipita pale geti, kwa hivyo afadhali muisikie kwangu.

Ilikuwa siku ya mtihani wa vitendo katika chuo chetu cha famasi hapa Nakuru, ule ambao usipoupita huendi hospitalini kufanya mazoezi, unabaki ukiangalia wenzako wakifunga mabegi. Unaingia chumba baada ya chumba, kila chumba kina mgonjwa wa kuigiza, unamhoji na kumweleza dawa huku mwalimu akikuwekea alama kwenye kona. Na siku hiyohiyo bodi ya famasi ilikuwa imetuma mkaguzi aje aone kama chuo kinafaa kuendelea kupokea wanafunzi. Sasa miwani yangu ilikuwa imevunjika mkono mmoja, nikaufunga na plasta, na vile niliona wageni wamevaa suti za maana nikaona haya, nikaitia mfukoni mwa koti langu jeupe. Nikajiambia nitaona tu. (Bila miwani mimi herufi naziona kama siafu waliomwagiwa maji.)

Kengele ikalia, nikatafuta mlango, nikaona namba inayofanana na yangu, nikaingia. Ndani alikuwa mama wa makamo ya bibi yangu, kitambaa kichwani, amekaa peke yake akijisugua vidole. Mwalimu sikumwona, nikadhani siku hizi wanatuangalia kwa kamera. Nikavuta kiti, nikamjulia hali, nikamwambia naitwa Wambui na mimi ndiye nitamhudumia. Akasema yeye ni mzima, ila vidole.

Nikamhoji vile tulifundishwa, bila kuruka kitu, umri, dawa zinazomdhuru, pombe, na kwa sababu mwalimu alituonya kwamba usimkadirie mwanamke kwa macho, nikamuuliza kama ana mimba. Akajibu kwa upole kwamba mjukuu wake wa kwanza yuko chuo kikuu, lakini niandike hapana. Nikaandika, nikisema moyoni huyu mwigizaji wamemtoa wapi, anajua kazi. Nikamuuliza dawa anazotumia, akatoa kichupa kwenye mkoba. Nikakisogeza mpaka karibu kiniguse pua, nikamwambia kwa sauti ya daktari kamili kwamba hii ya viungo atameza kidonge kimoja kila siku baada ya chakula.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena, nikasema kila siku.

"Una alama mbili kwenye pua. Miwani yako iko wapi?"

Nikaitoa, nikaivaa na plasta yake. Lebo ilisema kimoja kwa wiki. Na ile dawa naijua, tulifundishwa, ukiimeza kila siku inaharibu damu mpaka inaua. Na bado sijajua nimekaa mbele ya nani, hapo ndipo mkuu wa chuo alifungua mlango kumwambia mgeni wa bodi kwamba chai iko tayari, akanikuta nimeshika dawa ya mkaguzi.

Mkuu alianza kuomba radhi, jasho linamtoka, na mkaguzi akainua kidole chake kimoja kilichopinda kumkatiza. Hakunitukana. Hakunitetea pia. Alisema sheria ifuatwe, niliyekosa chumba changu nirudie mtihani, na wenzangu waende hospitalini. Kisha akanigeukia.

"Maswali yako ni mazuri, wengi hawaniulizi hata nusu. Lakini mimi najua kusoma. Kiwango cha kupita mtihani hatukukiweka kwa ajili yangu, tulikiweka kwa ajili ya yule ambaye atakuamini tu na kwenda nyumbani."

Nimesikia wahubiri wengi maishani na sijawahi kusikia kitu kikanishika hivyo. Nilitoka pale nikitembea kama mtu ametoka kanisani, nikasahau hata kulia. Nililia baadaye, wenzangu walipoondoka.

Nikarudi nyumbani Mau Narok kungoja kurudia. Mama aliniuliza mbona niko hapa na wengine wako kazini, nikamwambia yote, hata ile ya mimba. Hakucheka. Aliacha viazi alivyokuwa anamenya, akaingia chumbani, akarudi na mfuko wa nailoni uliojaa dawa za presha za kila aina ambazo hajawahi kutuonyesha, akaumwaga mezani.

"Nisomee," akasema, "mimi huwa nameza tu."

Mtihani niliurudia nikapita. Lakini mjue mtihani wenyewe nilifanyiwa pale mezani kwa mama, na tangu siku hiyo nimeapa sitamwambia binadamu ameze kitu kabla sijakisoma mara mbili, hata foleni ifike barabarani na watu waniite pole pole wa dirisha la dawa.