Biziweki Atafuta Kwao

"Kule Zimbabwe niliitwa Mnyasa asiye na kijiji. Nyie wa huku Malawi nanyi mnaniita mgeni. Sasa mimi ni wa wapi, Shangazi?"

Biziweki alikuwa amesimama shambani kwa Nambewe, dada wa marehemu baba yake, ameshika kamba ya kupimia kiwanja. Nambewe akaikata kwa panga. Akamwambia ardhi ya ukoo wao hapewi mtoto wa kaka, aende kwa ukoo wa mama yake.

Kosa lilikuwa la Biziweki. Alizaliwa na kuzeekea kwenye mashamba ya tumbaku, kwa watu wanaorithi upande wa baba, asijue kwamba sisi Wachewa mtu ni wa kwa mama. Baba yake alimwachia jambo moja tu: kwamba sisi Wamalawi jina letu maana yake ni ndimi za moto, moto wa matanuri ya wazee waliofua chuma. Kila alipotukanwa aliyasema hayo. Siku ile pia akayasema.

"Ndimi za moto," Nambewe akajibu, "na jana ulikuja kwangu kuomba kaa la kuwashia."

Biziweki akaja Kamphonje, kijiji cha marehemu mama yake, ambacho ndicho kijiji changu, godoro kichwani. Hatukumpokea, sisemi uongo. Mjomba wake Chatayika alimsuta mbele ya watu wote: baba yako alimtorosha dada yangu, mshenga hatukumwona, hata kuku wa posa hatukuletewa, leo mtoto wa wizi anataka kiwanja. Nasi wanawake tukaguna kumuunga mkono Chatayika. Biziweki mzee mzima, anakohoa, hana pa kulala wala pa kuzikwa.

Safari hii hakutaja moto. Alibadilisha godoro lake kwa kuku. Lakini kuku wa posa huletwa na ukoo wa mume, kwa hiyo alirudi kumwangukia Nambewe. Nambewe akaja, uso umekunjamana, kuku kwapani.

"Nimekuja ili asirudi tena shambani kwangu, si kwa mapenzi."

Chatayika akampapasa kuku kifuani. "Shemeji, miaka yote hii, mnaniletea mifupa?"

"Dada yako naye hakuwa mnene."

Watu wakacheka, Chatayika hakucheka. Alimpa mkewe yule kuku akachinjwe, kisha akamgeukia Biziweki.

"Mpwa wangu, jenga kule nyuma ya ghala. Baba yako hatumdai tena."