Dirisha la mbao linadumu miaka mingapi? Yaliyotukuta nyumbani Nkololo

Wakuu, heshima yenu. Wa Kanda ya Ziwa, mwangaluka.

Niko Bariadi mjini, nauza spea za pikipiki, na kwetu mimi ndiye mtoto wa kwanza. Hilo la mwisho linatosha kueleza kwa nini nimechoka. Ninayoandika yametokea, sijatia chumvi, ila majina ya watu nayaacha.

Juzi kuna mdau aliuliza humu ndani dirisha la nyumba linakaa muda gani kabla ya kubadilishwa. Wengi mkamjibu kwa utani. Nilianza kumjibu kule kule, nikaona comment inazidi kurefuka, nikaamua kufungua uzi.

Nyumba yetu iko Nkololo. Baba aliijenga kwa pamba, mimi nikiwa primary. Tofali za kuchoma, bati, na madirisha ya mbao ngumu yenye shata mbili mbili zinazofungukia nje. Watu walikuwa wanapita kuyashangaa. Baba alikuwa akisimama pembeni na kujifanya hasikii wanavyosifia.

Sasa hivi mimi mwenyewe nina mvi, na mpaka mwaka huu madirisha yalikuwa ni yale yale.

Kwa msiojua huku kwetu: mzee mwenye ng'ombe halali mbali na zizi. Chumba cha baba na mama kina dirisha moja tu, na linatazama zizini. Baba alitaka hivyo ili ng'ombe wakishtuka asikie. Mambo ya hewa hakuna aliyeyafikiria.

Adui wa mbao huku ni mchwa, na dawa ya baba ni oil chafu. Kila kiangazi, pamba ikishauzwa, anakwenda kwa mwenye mashine ya kusaga, anajaziwa dumu la oil iliyotumika, nyeusi tii. Anachukua brashi anapaka fremu na shata zote, nje na ndani, na kwenye dirisha la chumbani kwao anarudia mara mbili. Wazee wengi wanafanya hivyo. Nyumba inanuka kama gereji mpaka mvua zianze, chumbani kwao mwaka mzima.

Mama naye ana kifua. Miaka mingi sasa.

Hapa ndipo nilipochokea wakuu. Nimempeleka hospitali mpaka walinzi wa getini wananijua. Dawa za vidonge, dawa ya kuvuta, picha za kifua. Daktari akatuuliza, mama anapikia nini? Kuni. Basi tukamjengea jiko mbali na nyumba. Akaacha kupika kabisa, wakwe wakapika. Kikohozi kikabaki pale pale. Kuna kiangazi alikohoa mpaka akashindwa kulala chini, alikuwa analala amekaa, ameegemea mto. Nilirudi mjini siku ile nikawa nauza spea huku najiuliza kama nitamkuta tena.

Narudi kwenye madirisha, maana ndiyo swali lenyewe.

Dirisha likifika mwisho linaonekana, shida ni sisi kuzoea. La chumbani kwa wazazi lilianza kugoma kufunguka wakati wa mvua, mbao zimevimba. Ukilifungua unatumia bega. Kiangazi nazo zinasinyaa, unaona mwanga katikati hata ukiwa umefunga komeo. Bawaba zikawa hazishiki, skrubu unaikaza inazunguka tu, mbao imekuwa unga. Ukibonyeza fremu kwa chini kidole kinazama. Wavu wa mbu ulishakuwa matambara, kwa hiyo wakawa hawafungui kabisa. Miezi na miezi, chumba kimefungwa.

Mdau uliyeuliza, ukiona hata dalili mbili katika hizo, acha kuziba viraka.

Nikamwambia baba yamekwisha. Akaniangalia kama nimemtukana.

"Yamekwishaje na yamesimama?"

"Baba, yameoza."

"Dirisha siyo ng'ombe, halizeeki. Wewe umekaa sana mjini."

Ukibishana na mzee wangu unapoteza siku nzima, na siku mbili zinazofuata anakusalimia nusu nusu. Nikaacha. Nikarudi msimu mwingine, nikaambiwa yale yale. Wadogo zangu wakijaribu, anawaambia waongee na mimi.

Kilichomgeuza ni mvua ya masika haya. Upepo ulivuta shata moja ya dirisha la chumbani ikang'oka na bawaba zake, maji yakamwagikia kitanda upande anaolala mama. Asubuhi baba akanipigia.

"Lete huyo fundi wako. Moja tu. Nilione kwanza."

Nikapeleka fundi wa alumini. Alipong'oa fremu ya zamani tulikuta maajabu: nje nyeusi inang'aa, ndani mchwa wameshakula wakamaliza. Fundi alituambia mbao ngumu iliyotunzwa vizuri inaweza kupita miaka ishirini, ila ikishaliwa kwa ndani hakuna cha kupaka kitakachoirudisha. Alumini haiogopi mchwa, lakini msidanganyike, nayo mipira na magurudumu yake vinachoka, na wavu utabadilisha mara kadhaa kabla ya kioo.

Tukaweka sliding, nondo, wavu mpya, na vioo vile vya reflective mnavyoviona kwenye nyumba za mjini, ukiwa nje unajiona kama kwenye kioo cha saluni. Mimi niliona inapendeza.

Wakuu, kumbukeni dirisha linatazama wapi.

Kesho yake ng'ombe wanatolewa kwenda kuchunga. Dume la baba, jeusi, lina nundu hiyo, likapita karibu na dirisha likakutana na dume jingine jeusi ndani ya chumba cha bwana wake. Likakwangua chini. Na lile la ndani likakwangua. Baba anasema alipiga kelele lakini alishachelewa. Vioo vyote chini. Nondo zilipinda kidogo, wavu ukapona kwa bahati.

Baba alinipigia simu anacheka mpaka anapaliwa. Mara ya kwanza namsikia akicheka hivyo tangu nikue.

"Dirisha lako la mjini limepigana na dume, limeshindwa!"

Mimi sikucheka. Fundi alikuwa ameshakwenda kazi nyingine Meatu, anarudi wiki inayofuata. Nikawaza mama atalala na uwazi vile, wavu na nondo tu, baridi ya masika, kifua kile. Nikamwambia baba amhamishie sebuleni. Mama akakataa kuhama.

Siku chache baadaye, asubuhi nafungua duka, simu ya baba. Sauti siyo ya kawaida. Nikakaa chini kwanza kabla hajaongea, maana simu ya aina hiyo nimekuwa naisubiri kwa miaka.

"Mama yako hakohoi," akasema.

Sikuelewa.

"Usiku wote hajakohoa. Nimelala nasikiliza, nikamgusa, nikadhani ameniacha. Kumbe amelala tu. Amelala kama mtoto."

Nikafunga duka nikaenda. Nikamkuta mama uani anachambua mchele, anaongea sentensi nzima bila kukatisha. Sijui kama mtanielewa. Mtu uliyezoea kumsubiri avute pumzi katikati ya salamu, halafu anaongea tu, anamaliza. Nilienda kusimama nyuma ya nyumba nikalia, na sioni aibu kuandika hapa.

Baba yeye anajua kilichomponya mama ni dume. Anawasimulia majirani wote: dume limevunja kioo, hewa imeingia, mke wangu amepona. Ameshasema dume lile halitauzwa. Na kweli hewa imesaidia.

Lakini jioni ile, baba akiwa zizini, nilikaa na mama. Nikamuuliza anaonaje. Akaniambia taratibu, "Ni ile harufu imeondoka na mbao."

Nikamuuliza harufu gani. Akaniangalia.

"Ile oil, mwanangu. Kila akipaka kifua kilikuwa kinabana siku hiyo hiyo."

"Mayu, ulikuwa unajua? Miaka yote hii?"

Akaendelea kuchambua mchele.

"Alikuwa anakuja ameloa oil mpaka kwenye viwiko, ananiambia chumba chako nimekipaka mara mbili, mchwa hawatakufikia. Ningemwambia nini?"

 

Nilipomweleza daktari, alisema mvuke wa oil ile na harufu yake ndani ya chumba kilichofungwa ni sumu tosha kwa mtu mwenye kifua. Alisema pia kifua kilichoumizwa muda mrefu hivyo hakitarudi kuwa kipya, dawa ya kuvuta ataendelea nayo. Tumekubali.

Fundi amesharudi, ameweka vioo vyeupe visivyorudisha picha, na baba kwa hiari yake amesogeza zizi, jambo ambalo sikutegemea kuliona nikiwa hai.

Nilichojifunza ni hiki. Usihesabu umri wa dirisha kwa kuangalia kama bado limesimama. Fungua, funga, bonyeza mbao, halafu muulize anayelala hapo, tena muulize akiwa peke yake. Oil chafu pakeni nguzo za zizi, siyo chumba anacholala mtu. Na mwenye ng'ombe asiweke kioo cha kujitazama.

Kazi iliyobaki ndiyo inayonichosha kuliko zote. Nyumba bado ina madirisha mengine ya mbao, na kiangazi kinakuja. Baba ameshaliweka dumu lake tayari. Nahangaika yote yatoke kabla hajashika brashi, na akiuliza haraka ya nini nitamwambia yamezeeka tu. Mama ameniapisha nisimwambie zaidi ya hapo.

Karibuni kwa maoni, hasa nyie mliowahi kuwabadilishia wazazi madirisha, mliwashawishi vipi? Na kama kuna mtu wa Nkololo humu ameitambua nyumba yetu, ukikutana na mzee msifie dume lake, halafu uishie hapo hapo.