Udi Haukuifunika Harufu ya Salha

Siku ya arobaini tangu Salha ajifungue, wageni waliondoka kabla pilau haijaliwa.

Hebu fikirieni. Likoni hii ninayoijua mimi, watu waache sinia la pilau ya mbuzi, washike njia! Hata msibani hawafanyi hivyo.

Mmoja alisema amesahau kuzima jiko. Wa pili akasema mwanawe anaharisha. Wa tatu alijiziba pua kwa buibui akatoka, viatu mkononi.

Walikuwa wakimkimbia mzazi. Salha alikuwa akinuka.

Si jasho. Si maziwa yaliyoganda kifuani. Ni uvundo wa kitu kilichofia darini, unakitafuta hukioni.

Mimi naitwa Mwanatabu. Nina miaka sabini na moja, masomo yangu yaliishia darasa la sita, na haya nayaandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo msinihimize.

Kazi yangu ni kukanda wazazi. Ukijifungua hapa Mtongwe utaniita nikukande kwa maji moto, nikufunge tumbo kwa mkaja, nikunyweshe uji wa pilipili manga mpaka masikio yatoe moshi. Na nikuchekeshe. Wanawake huniita kwa ajili ya mikono yangu, lakini wananipendea mdomo.

Salha ni mjukuu wa marehemu dadangu. Mamake alikufa yeye angali mdogo, nikamlea mimi. Alipojifungua mtoto wa kike alikaa arobaini yake ukweni, nami nikawa nakwenda huko asubuhi na jioni.

Harufu ilianza wiki ya tatu. Mkwewe, Bi Mwanasaumu, akaniita uani.

"Mwanatabu, huyu mjukuu wako haogi?"

"Namwogesha mimi mwenyewe, shoga. Labda wanusa mdomo wako."

Akanuna siku mbili. Lakini wallahi, hata mimi nilikuwa nimeisikia.

Basi nikafanya tunavyofanya sisi. Nikaleta udi. Nikamsimamisha Salha juu ya chetezo, leso imemzunguka, moshi ukampanda mpaka kwenye nywele. Asubuhi udi, mchana udi, jioni udi na asumini chini ya mto. Majirani wakauliza harusi ni ya nani.

Moshi ukiisha tu, uvundo unarudi. Tena umezidi.

Nikasema ni ubaridi umemwingia tumboni. Usipokuwa ubaridi, ni jini. Nikamtafutia kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani, akanywa, akatapika.

Mumewe, Luqman, kibarua wa bandarini, kijana mpole, alihamishia mto wake sebuleni. Hakusema neno. Ule mto ulisema.

Ndipo ikaja hiyo siku ya arobaini. Wageni walipokwisha kukimbia, Bi Mwanasaumu alisimama katikati ya masinia yake yaliyojaa.

"Mchukue mtu wako. Akipona, arudi. Asipopona, mwanangu hatakaa na mke wa jina tu."

Luqman alikuwa mlangoni anafunga kamba za viatu. Alizifunga muda mrefu sana.

Njiani Salha akaniuliza, "Nyanya, ataniacha?"

"Thubutu! Nitakupeleka kwake unanukia mpaka apige chafya."

Hakucheka.

Kesho yake asubuhi mwili wake ulikuwa moto, anatetemeka, tumbo haligusiki. Alinitazama akaniita kwa jina la mamake. Nikamfunga leso, nikaita tuktuk.

Dereva wa tuktuk alituendesha kichwa amekitoa nje mpaka hospitali. Simlaumu.

Daktari alikuwa binti wa bara, Velma jina lake, mdogo wa umri lakini macho makavu.

"Shosho, hii harufu ilianza lini?"

"Yapata wiki tatu."

"Na wiki hizo zote mlikuwa mnafanya nini?"

"Twamfukiza."

Alinitazama kidogo, kisha akaandika.

"Harufu isiyotoka kwa kuoga ina chanzo chake mwilini," akaniambia. "Sukari ikimzidi mtu, pumzi yake hunuka kama matunda yaliyooza. Figo zikishindwa, mdomo hunuka mkojo. Kuna usaha, kuna saratani. Tena kuna kitu kilichosahaulika ndani. Lazima nimpime."

"Basi ni hao manesi waliomzalisha!" nikaruka. "Wamesahau pamba zao!"

Daktari akavuta pazia, nami nikashika mkono wa Salha.

Alichokitoa alikiweka kwenye bakuli la chuma. Cheusi, kimefura, kinateleza. Muuguzi alikwenda kufungua dirisha.

Daktari akakigeuza kwa koleo. "Hii si pamba ya hospitali. Ni kitambaa, na kimefungwa kwa uzi."

Uzi mwekundu. Mafundo mawili.

Jamani, fundi hulijua fundo lake.

Sasa niwaambie, maana wanaume mnaosoma hamjui. Wiki mbili baada ya kuzaa, ili mzazi arudi kwa mumewe amebana, sisi wakandaji humtia ukeni dawa ya kubana. Mdalasini, habasoda, vitu vingine vyangu, nafunga ndani ya kipande cha leso. Asubuhi natia viwili, jioni natoa viwili. Mamangu alifanya hivyo, nami nimefanya miaka arobaini.

Salha nilimtia viwili. Jioni nikatoa kimoja.

"Nani aliweka hiki?" Daktari alimuuliza Salha, lakini macho yalikuwa kwangu.

Nikafungua mdomo.

"Sijui, daktari," Salha akasema.

Nami nikanyamaza.

Walimpasua siku ile ile. Usaha ulikuwa umekwisha kuenea, wakatoa kizazi ili roho ibaki. Na Salha ana miaka ishirini na miwili tu.

Habari zilifika kwa Bi Mwanasaumu upesi. Kitambaa, uzi mwekundu, na mwenyewe hajui kimeingiaje. Akazijumlisha anavyojua yeye. Limbwata! Eti Salha alijitia dawa amfunge Luqman, ikamgeukia.

Kutoka kwangu hadi kwake ni mwendo wa dakika kumi. Ningekwenda, ningesema maneno matatu, yangekwisha.

Siku ya kwanza nikasema miguu yaniuma. Ya pili nikasema jua kali. Ya tatu nilifika mpaka kwa muuza mbaazi, nikanunua mbaazi, nikarudi.

Siku ya nne nguo za Salha zililetwa ndani ya gunia. Juu yake karatasi. Talaka tatu.

Aliporudi kutoka hospitali nilikaa kitandani pake. Alikuwa anamnyonyesha mtoto.

"Salha, kile kitambaa ni changu."

"Najua, nyanya."

"Wajuaje?"

"Jioni ile nilikwambia. Nilisema, nyanya, bado kimoja."

Nikakumbuka.

Wanawake walikuwa wamejaa chumbani siku ile, chai na mahamri, na mimi nimeshapata moto wa kuchekesha. Salha akasema kwa sauti ndogo, bado kimoja. Nami nikamjibu kwa sauti kubwa, "Hicho mwachie mumeo akitafute!"

Nyumba nzima ilianguka kwa kicheko. Bi Mwanasaumu mwenyewe alimwaga chai.

"Mbona hukunambia tena?"

"Walikuwa wanacheka. Niliona haya. Nikadhani nimehesabu vibaya, wewe ndiye mjuzi."

"Na kwa daktari?"

"Ningekutaja vipi, nyanya, na wewe umekaa pale?"

Nilikwenda kwa Luqman siku hiyo hiyo, miguu haikuuma. Nikamwambia mbele ya mamake na majirani. Bi Mwanasaumu akatazama chini, maana kicheko kile anakikumbuka.

Luqman aliuliza moja tu. "Kwa nini hukuja kabla sijaandika?"

Talaka tatu zimeshatoka. Hakuna mzaha wa kuzirudisha.

Basi ninyi mnaosoma, shikeni hili. Mtu wako akinuka na maji hayasaidii, usimwite mchafu, wala usimwongezee udi. Mpeleke akapimwe siku ile ile. Na wewe mwenye ujuzi, mgonjwa akikwambia kitu kuhusu mwili wake, funga mdomo umsikilize, hata kama ni mtoto uliyemlea.

Dawa ya kubana nimeitupa chooni. Wazazi bado waja kuniita, nawaambia waende kliniki.

Salha anaishi hapa kwangu na mtoto wake. Kila asubuhi ananiamkia shikamoo. Nikimwita, anaitika abee. Ananipikia, ananifulia, hajanipandishia sauti hata mara moja.

Ningeomba siku moja anitukane.