Risiti Chini ya Kioo

Jirani yangu fundi bomba ana mikono migumu kama magome, lakini risiti ya mafuta huishika kama kifaranga. Kila akijaza pikapu yake, huinyoosha ile risiti kwa kidole gumba, akaibana juu ya dashibodi, chini ya kioo cha mbele, na kuiambia, "Kaa hapo, usinitoroke." Aliambiwa akileta risiti za mwaka, gharama za gari la kazi zitapunguzwa kwenye kodi, asipozileta, basi hiyo kodi atailipa kwa kuuza pikapu yenyewe. Juzi akanichukua twende wote ofisi ya kodi, eti wakiona mvi zangu watakuwa na adabu. Karani, binti mpole tu, akafungua bunda la risiti, akageuza moja, akageuza nyingine. "Baba, hizi mbona tupu? Jua limefuta maandishi yote." Fundi akaiinua moja kwenye taa, akaipuliza. "Zilikuwa zinasomeka, mwanangu." "Nakuamini, baba. Sasa mimi niandike nini?" Fundi akazichukua. Alizipanga upya, kingo kwa kingo, akazitia mfukoni. Njiani tukajaza mafuta ya kutufikisha nyumbani, akapewa risiti. Akainyoosha kwa kidole gumba, taratibu, akaibana palepale chini ya kioo. Nilitaka kusema neno. Nikatazama nje.