Moto Niliouacha Uzimike

Nilikuwa mtoto wa miaka tisa mwaka tulipojenga nyumba yetu ya Runingu kwa mikono yetu wenyewe. Baba na mdogo wake walikanyaga udongo, mama na mimi tulichota maji mtoni, na matofali tuliyafyatua kwa kalibu moja ya mbao iliyopinda, ndiyo maana hakuna tofali lililofanana na mwenzake. Mlango wenyewe ulikuwa mabati yaliyopigiliwa juu ya fito. Lakini usingeweza kutuambia kitu. Tulijiona matajiri.

Tate, mama yake baba, hakufyatua hata tofali moja. Kazi yake ilikuwa moto. Kwa desturi ya upande wake, nyumba mpya haiwashwi kwa kibiriti. Moto wa kwanza hutolewa kwenye mafiga ya nyumba ya zamani, hubebwa katika kigae cha chungu, na ukishafika hautakiwi kuzimika kwa siku saba.

"Hii moto iko roho ya nyumba," alituambia akiwa amesimama mlangoni. "Ikikufa mbele ya siku saba, kuko muntu nyumba itamutupa inje. Minye nimesema."

Hakupaza sauti. Angeweza kuwa anatueleza kiasi cha chumvi ya kutia kwenye samaki. Mimi niliamini kila neno, na ni vizuri niseme hivyo mapema, nisije nikajitetea kwamba nilikuwa mtoto asiyejua.

Siku ya nne zamu ya kulinda moto ilikuwa yangu. Watu wazima walikuwa kwenye mpunga, Tate alikwenda kwenye mazishi ya jirani, nami niliachiwa rundo la kuni na agizo moja tu: usitoke. Sijui kama nilikaa hata saa moja. Watoto wa jirani walipita mbio wakipiga kelele, "Kamio imekwama mu mutoni!" Niliongeza kuni mbili nikawafuata. Lori lilikuwa limezama hadi ekseli, dereva anatukana, wanaume wanasukuma, sisi tunashangilia kila linapozidi kuzama. Niliporudi jua lilikuwa limekaribia milima. Nikaingiza mkono kwenye majivu. Yalikuwa baridi.

Hapo ndipo nilipokumbuka kibiriti cha Mapendo.

Mapendo alikuwa mke wa baba mdogo. Aliletwa kutoka Kamanyola, hajamaliza hata miezi mitatu kwetu. Alikuwa na mfuko wa kitambaa alimoweka sabuni, kitana na kibiriti chake, na jioni alinisuka nywele huku akinitania kwamba kichwa changu ni kigumu nje na ndani. Nilimpenda, tena sana. Nikafungua mfuko wake, nikawasha moto, nikarudisha kibiriti mahali pake, na nilipojikuna kichwa kwa woga sikujali mikono ilikuwa na nini. Moto ukawaka vizuri kabisa. Jioni Mapendo alinisuka nusu ya kichwa, giza likaingia, akasema tutamaliza siku nyingine.

Baada ya siku mbili mvua ilinyesha mchana kutwa. Ukuta wa chumba cha baba mdogo ulianguka naye akiwa ndani, ukamvunja mguu. Mama alipiga yowe, baba alitupa matofali pembeni kwa mikono yake. Tate hakulia. Alikwenda jikoni, akachokonoa chini ya mafiga kwa kijiti, akatoka ameshika njiti ya kibiriti iliyoungua nusu.

Alituita sote.

"Weye, nilikuachia moto," aliniambia. "Ilizimika?"

"Hapana, Tate."

"Basi nani iko na kibiriti humu mu nyumba?"

Kwetu watu huonyesha kitu kwa kuelekeza midomo, bila kuinua mkono, na mimi nilichongoa midomo kidogo tu, upande alipokuwa ameketi Mapendo akimfunga mumewe mguu. Kama angetokea mtu kuniuliza, ningeweza kusema sikumtaja. Hata hilo nililifikiria palepale, pamoja na umri wangu ule mdogo.

"Minye sikugusa moto, mama," Mapendo alisema. "Mungu anajua."

Nani angemsadiki? Kibiriti kilikutwa mfukoni mwake, na yeye ndiye aliyekuwa mgeni. Baba mdogo alikuwa anauma meno kwa maumivu, hakumtetea. Tate alisema nyumba imekwisha kumkataa, na kabla ya juma kuisha kaka zake wawili walifika kumchukua. Asubuhi ile, mizigo ikiwa tayari mlangoni, aliniita.

"Kuya nimalize."

Nikakaa kati ya magoti yake. Alisuka ile nusu iliyobaki, polepole, hakuvuta hata unywele mmoja. Mimi nilikuwa natazama chini. Kisha akaondoka.

Leo najua kilichoangusha ukuta. Baba aliharakisha kujenga kabla ya mvua, matofali hayakukauka. Siku ile ukuta ulipoanguka nilimwona ameokota kipande, akakibonyeza kwa kidole gumba, kikaingia. Alikitupa na kutazama upande mwingine. Njiti ya kibiriti ilitufaa sisi wawili, baba na mimi, na hatukuwahi kulizungumza hadi alipofariki. Onyo la Tate lilitimia, nyumba ilimtupa mtu nje, lakini tuliomtupa tulikuwa sisi.

Niliungama kwa padri nilipokuwa msichana. Alinipa sala za kusali, nikasali, nikatoka kanisani nikijidanganya kwamba yamekwisha.

Mwaka jana nilikwenda Kamanyola kununua nyanya, nikamkuta Mapendo sokoni nyuma ya meza yake. Nilimtambua kabla hajanitambua, na ningeweza kupita. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, watu wanatupita huku na huku. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nilijua," alisema. "Nilikuta majivu mu nywele yako wakati ya kukusuka. Lakini ningesema, nani angeacha kuamini mutoto wa nyumba aamini minye?"

Nikaanza kuomba msamaha. Akanikatiza kwa mkono.

"Kuniambia minye haisaidie. Enda uambie bwana yangu."

Alisema bwana yangu, baada ya miaka yote hiyo.

Baba mdogo yuko hai. Hakuoa tena. Anaishi Runingu palepale, na kutoka kwangu Uvira ni safari ya asubuhi moja. Yule mtoto wa miaka tisa nimekwisha kumsamehe, aliogopa, basi. Aibu yangu sasa ni ya mwanamke mzima, mwenye watoto anaowachapa wakisema uongo. Tangu siku ile ya Kamanyola nimekwenda kwa baba mdogo mara mbili, nimekaa kwenye kiti chake, nimekula chakula chake, tumezungumza habari za mpunga na bei ya mbolea. Mara ya pili alinisindikiza hadi barabarani kusubiri gari. Alitembea akichechemea, mfuko wangu wa mihogo kichwani mwake, nami nilimwacha aubebe.