Waliodai baba ameuza saa ya babu, na namna dial yenyewe ilivyowajibu

Wakuu, salamu kwenu nyote mnaopenda saa kuukuu. Humu ndani mimi ni msomaji wa pembeni tu, lakini hiki kimenitokea mwenyewe na sijaongeza chumvi hata kidogo. Vuteni viti.

Naishi Kaloleni, Kisumu, na ugonjwa wangu ni saa za zamani. Wikendi wenzangu wako kwa mpira, mimi niko soko la Kibuye nimeinamia meza ya mtu na lenzi jichoni. Nimeuziwa fake nyingi sana mpaka jicho likakomaa.

Sasa kisa.

Babu yangu alifariki kabla sijazaliwa, nikapewa jina lake. Kwetu Wajaluo hilo si jambo dogo. Dani, yaani nyanya yangu, mpaka leo ananiita "chuora", mume wangu, na nikikawia kumtembelea ananiuliza kama nimeoa mke mwingine huko mjini.

Babu aliacha saa ya Uswisi, ya kutia ufunguo kwa mkono, mishale yake imepakwa ile rangi ya kung'aa gizani. Dani aliifungia kwenye sanduku lake nyumbani Kombewa na hakutaka mtu aiguse. Ikasimama, ikabaki imesimama miaka yote hiyo.

Mwaka huu familia ikapanga maombi ya kumkumbuka babu, na kwamba siku hiyo saa nipewe mimi mwenye jina. Kioo kilikuwa na ufa, kwa hivyo baba yangu akaipeleka kwa fundi mjini. Kioo kikabadilishwa, akairudisha nyumbani.

Baba Mkubwa, kaka yake baba, akaishika, akaitazama, akalipuka.

"Hii si saa ya Baba! Ya Baba ilikuwa uso safi, mimi nimeiona na macho yangu. Hii iko na doa. Umeuza ile, ukatuletea hii ya kuokota!"

Mbele ya wake zao. Mbele ya wajukuu.

Baba yangu si mtu wa maneno. Alinyamaza, na watu wakachukua kunyamaza kwake kama kukiri. Tangu siku hiyo ndugu hao wawili hawakula pamoja, na kwetu ndugu wasiokula pamoja, kijiji kizima huanza kuuliza nani amefanya nini.

Baba akaniletea saa Kaloleni. Alikuwa amechoka, inaonekana mpaka mabegani.

"Wewe unajua hizi vitu. Peleka mahali wapake hiyo uso rangi mpya, iwe safi, maneno iishe."

Iliniuma, wakuu. Mtu asiye na kosa anaomba amani kwa kupaka rangi. Nikamwambia aniachie kwanza.

Nikaikalia na lenzi. Kwa wale mnaoanza, mimi huanzia kwenye maandishi. Dial, yaani uso wa saa, ikipakwa upya herufi zake huwa nene na kingo zimevimba. Hizi zilikuwa nyembamba na kali. Nikafungua nyuma: vichwa vya skrubu havijaliwa na bisibisi, yaani haijachokonolewa. Mimi nilisharidhika, saa ni original.

Lakini Baba Mkubwa hataki habari za herufi. Anataka kuelezwa doa, basi.

Nikarudi kwenye doa. Rangi ya kahawia iliyofifia, kama chai imemwagika na kukauka. Nikaangalia vizuri. Halikuwa doa moja, yalikuwa mawili! Moja refu na jembamba, jingine fupi na nene, yote upande wa kushoto.

Niliruka kitini.

Ile rangi ya zamani ya kung'aa gizani ina miale inayochoma. Mshale ukilala mahali pamoja miaka mingi, unachoma kivuli chake kwenye dial. (Na tafadhali msiikwaruze kabisa, ni sumu.) Kwa hivyo saa ya babu ilikuwa na hayo madoa siku nyingi, ila mishale ndiyo iliyoyafunika! Fundi alipobadilisha kioo aliisogeza mishale, na kivuli kikabaki wazi.

Nilitamani kuirudisha mishale pale pale nihakikishe. Nikajizuia. Nilitaka tuone wote pamoja, hata kama nitaaibika.

Jumapili, nyumbani Kombewa, watu wamekaa baada ya kanisa. Nikaanza na Dani.

"Dani, hii saa ilikuwa imesimama wapi?"

Hakufikiria hata. "Saa mbili kasorobo. Mimi kila Krismasi nafungua hiyo sanduku naangalia. Inasema tu saa mbili kasorobo."

Nikampa Baba Mkubwa saa. Sikutaka kuigeuza mwenyewe, nilitaka kidole kiwe chake.

"Baba Mkubwa, vuta hicho kichwa cha pembeni, peleka mishale mpaka saa mbili kasorobo."

Akavuta huku amenuna. Mshale mrefu ukafika kwenye tisa, mfupi ukasogea karibu na nane.

Madoa yakapotea. Wakuu, yalipotea! Dial ikabaki safi kama alivyoikumbuka.

Akasogeza mishale mbele, madoa yakarudi. Akairudisha, yakapotea. Alifanya hivyo mpaka akaanza kutokwa jasho. Nikaeleza kwamba dial ya kuokota haiwezi kuwa na kivuli cha mishale hii, mahali pale pale alipopaona Dani kila Krismasi.

Dani akanyoosha mkono akaichukua. "Ma mare adier," akasema. Hii ni yake kweli.

Baba Mkubwa akasimama. Hapa nampa heshima yake, hakuzunguka.

"Ndugu yangu, nilikutukana mbele ya watu. Naomba msamaha mbele ya watu."

Kisha akaita maji ya kunawa. Samaki mmoja mkubwa, ngege, ugali mmoja, ndugu wawili. Baba yangu akamega tonge, akatafuna taratibu, akasema tu, "Macho yako imezeeka." Nyumba nzima ikaangua kicheko, na Baba Mkubwa ndiye aliyecheka zaidi. Nilifurahi mpaka nikashindwa kula.

Nilichojifunza: msikimbilie kung'arisha saa ya mzee wenu. Ningemtii baba siku ile, ningemfutia shahidi wake wa pekee. Doa liulizieni kwanza limetoka wapi.

Walio na saa za wazee wao, wekeni picha za dial hapa chini tuzichambue. Na wabishi pia mnakaribishwa, leo nina nguvu.

Mkinikuta mjini nikiangalia saa ya babu mkononi kila dakika, mjue sina haraka yoyote.